Makongoro Yangetosha

Juu ya meza ambayo mke wangu alikuwa akikatia vitambaa kuna tone lililoganda la rezini, ile plastiki ya kumimina, ukubwa wa kifungo cha koti. Nimejaribu kulibandua kwa kisu, kwa maji ya moto na kwa mafuta ya taa. Halitoki. Ni safi kabisa, unaona mistari ya mbao chini yake kana kwamba mbao imelala chini ya maji. Katika rezini yote niliyoimimina msimu ule, tone hilo peke yake ndilo lililotoka bila kiputo wala vumbi, na halikuwa na kazi yoyote.

Nilimaliza kidato cha nne, na shule yangu ikaishia hapo. Kazi niliyoifanya mpaka kustaafu ni usimamizi wa mafundi ujenzi, hapa Dodoma na vijiji vya jirani. Sijui hesabu za mainjinia, lakini nimeona kuta nyingi zikipasuka, na karibu zote huanzia mahali pamoja: kwenye kona ya dirisha au ya mlango. Ufa unatoka konani na kupanda kwa mshazari, kama mtu aliyechora kwa rula. Ukishaziona mara nyingi huwezi tena kuitazama kona kwa amani.

Kanisani kwetu waliniweka kwenye kamati ya ujenzi. Tulikuwa na ukumbi wa zamani wa tofali za kuchoma, na ubavuni mwake kachumba ambamo kwaya iliweka ngoma zake. Kamati ikaamua ukuta wa katikati utobolewe, ufunguliwe uwazi mpana, ili kwaya isimame humo ikiwaelekea waumini. Mchoro uliletwa na injinia kijana, muumini mwenzetu, mwenye kazi nzuri huko mji wa serikali. Kona za uwazi ule zilikuwa kali, za mraba.

"Kona hizi ziviringishwe," nilisema. "Au tuweke tao. Ukuta huu ni wa zamani, utapasuka."

"Mzee, linta, ile boriti ya zege juu ya uwazi, itakuwa na nondo za kutosha. Nondo zitabeba."

"Nondo zitaibeba linta. Kona zitabebwa na nani?"

Wajumbe wakacheka. Kijana naye akacheka, lakini kwa adabu. "Basi tuonyeshe, mzee wangu. Mimi nikiona naamini. Tutasubiri mpaka baada ya mavuno."

Leo najua kwamba yule kijana alisema kweli tupu. Alikuwa tayari kuona, akanipa na muda. Lakini siku ile nilisikia dharau, nikarudi nyumbani Miyuji nimeivaa kama koti.

Nilikuwa na sababu nzuri, hilo sitalikana. Mke wangu ndiye aliyekuwa mwanzishaji wa nyimbo katika kwaya ile. Wimbo ukitaka kuanza, wote walimsubiri yeye. Anavuta pumzi, anapanda juu peke yake, halafu sauti nyingine zinamfuata na ngoma inaingia. Alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu tulipokuwa vijana, ingawa ana pumu ya utotoni. Na nafasi yake ilipangwa palepale chini ya kona niliyokuwa naiogopa.

Njia ya kuwaonyesha niliifahamu. Sekondari, mwalimu wetu wa fizikia alivunja miwani ya jua, akashika kioo kimoja nyuma ya kipande cha plastiki angavu na kingine mbele yake, akatuambia tutazame kuelekea dirishani huku akikibana kile kipande. Rangi zikatokea ndani ya plastiki, nyekundu, kijani, njano, mikanda mikanda, na pale alipobana ikasongamana. Akasema, hapo ndipo mkazo ulipo. Nguvu ambayo jicho halioni, hapo inaonekana. Sikuwahi kuisahau.

Basi nikaanza kutafuta vifaa. Badala ya miwani nilipata kitu bora zaidi. Fundi wa runinga sokoni alinipa bure TV ya bapa iliyopasuka. Kioo chake kimebandikwa utando wa kijivu mbele na mwingine nyuma, na tando hizo ndizo zinazofanya kazi ya vile vioo vya miwani. Nilikiloweka kwenye beseni la maji ya moto, nikavaa glavu za ujenzi, nikabandua polepole. Hapo nilikuwa mwangalifu. Nasema hivyo ili ieleweke kwamba nilijua kujihadhari nilipotaka.

Shida ilikuwa kile cha kuweka katikati. Rula za wanafunzi ni rahisi, lakini zina rangi zake tangu kiwandani. Unaitazama kabla hujaibana, tayari imejaa mistari. Ni kama shahidi aliyefundishwa la kusema. Plastiki ya wachora mabango ni safi, ila ukiibana inatoa rangi kidogo sana, lazima uibane mpaka ikaribie kuvunjika, na kuikata bila kuipasua kunataka mashine. Nilihitaji kitu ninachoweza kukimimina mwenyewe, chembamba na angavu, chenye umbo la ule ukuta na uwazi wake.

Mke wangu alikuwa ananisikiliza nikilalamika. Siku moja alikuwa ameweka mbele yetu bakuli la supu ya makongoro ya jana yake. Wenye ng'ombe wengi kama sisi Wagogo tunaijua supu hiyo. Kwato na ngozi zikichemka sana, supu ikipoa inaganda, inatingishika.

"Mzee, si ungetumia hii?" Akaigusa kwa kijiko, ikatetemeka. "Unaikata utakavyo. Ukiibonyeza inaitika."

"Niipelekee kamati mchuzi?"

"Kwani wao hawali?"

"Mama, haya ni mambo ya kitaalamu."

"Haya, mtaalamu. Kula basi, isije ikakudai kiti kwenye kamati."

Nilicheka na kula. Nililifikiria pendekezo lake kwa muda wa kumeza tonge. Kilichonifanya nilitupe ni kwamba lilitoka jikoni. Nilimwona akilini yule kijana akinitazama nikifunua bakuli. Nilitaka kitu chenye lebo.

Nikaenda mjini kwa wanaotengeneza bampa za magari. Muuzaji alikuwa Mrangi wa Kondoa, mtu wa mizaha, akanisalimu kwa salamu ya kwetu.

"Mbukwa, mzee. Bampa la gari gani?"

"Sina gari."

"Sasa unataka kuziba nini, pengo la meno?"

"Nyie Warangi maneno yenu ni mengi kuliko bidhaa. Nipe rezini na dawa yake ya kugandisha."

Akanipimia kwenye chupa, na chupa ndogo ya dawa kando. Kopo kubwa alimotoa rezini hiyo lilikuwa na maandishi ya Kiingereza, nikayasoma palepale dukani, kwa sauti, kidogo kwa kujionyesha. Yalisema itumike penye hewa ya kutosha, na mvuke wake uvutwe kidogo iwezekanavyo. Yeye akasema, "Umesoma vizuri, mzee," akanifungia mzigo.

Kwa hiyo hakuna aliyenificha kitu.

Mara ya kwanza niliimimina nje, barazani, kama kopo lilivyotaka. Ulikuwa msimu wa upepo. Asiyeishi Dodoma hajui upepo wetu wa kipupwe. Unaanza asubuhi kwa upole, mchana unakuja na ardhi yote ya uwanda mkononi. Rezini inachukua muda kabla ya kukauka juu, na muda wote huo inanata. Jioni kibamba changu cha rezini kilikuwa chekundu, kimejaa mchanga, na sisimizi mmoja amelala katikati kama aliyezikwa kwenye kioo. Nilijaribu kukifunika kwa gunia, nyuzi zikaanguka ndani.

Nikahamia stoo, chumba alichokuwa akishonea mke wangu. Nilifunga dirisha. Upepo wa Dodoma hauheshimu dirisha lililofungwa tu, unapenya kwenye kila upenyo, kwa hiyo nikabandika utepe wa karatasi wenye gundi pembeni mwa fremu, na chini ya mlango nikasokomeza khanga yake iliyochakaa. Hapo vumbi likakoma. Niliridhika sana. Nilisimama katikati ya chumba nikasikia upepo unagonga nje, umeshindwa kuingia, nikaona nimefanya kazi ya ufundi.

Harufu ilikuwa kali, tamu, ya kupanda kichwani. Mimi iliniuma kichwa tu. Yeye alikuwa akishona sare za kwaya kwa ajili ya sikukuu ya mavuno, magauni ya buluu yenye kola nyeupe. Naweza kujitetea kwamba hata yeye hakutaka vumbi kwenye kola zile. Ni kweli, hakutaka. Lakini alipoanza kukohoa alinyanyuka kufungua dirisha, mimi ndiye niliyemzuia.

"Kifua kinanibana."

"Vumilia kidogo, mama. Inaganda sasa hivi."

Akatoka, akakaa nje kidogo, akarudi kwa sababu cherehani ilikuwa ndani na siku ya sikukuu ilikuwa inakaribia. Ningeweza kuibeba cherehani ile mpaka sebuleni. Bado nilikuwa na nguvu. Haikunijia akilini, kwa sababu akili yote ilikuwa kwenye kalibu la bati nililokunja mwenyewe, lenye umbo la ukuta wa kanisa.

Vibamba viliendelea kuharibika. Kimoja kilijaa viputo. Kingine kilibaki kinanata, baridi ya kipupwe haikukiruhusu kuganda. Nikaendelea kurudia, na kila mara nilimwambia neno lile lile, vumilia. Mazoezini kwaya ilianza kumwona akiishiwa pumzi katikati ya mwanzo wa wimbo. Alirudi akaniambia, "Leo nimeshindwa kuibeba ile ya juu." Nikamwambia ni vumbi. Nilimwambia mtu niliyemfungia vumbi nje kwamba anaumwa na vumbi.

Siku ya mwisho ilikuwa Jumamosi mchana. Kwa kuwa kilichotangulia kilichelewa kuganda, nilizidisha dawa ya kugandisha. Sikupima, nilimimina kwa hasira. Baada ya muda mfupi rezini kwenye kalibu ikaanza kupata moto. Ikageuka njano, ikatoa moshi, kisha ikalia, tak, ikapasuka katikati. Moshi ule haukuwa na pa kwenda.

Mke wangu alisimama kutoka kwenye cherehani. Aliweka mkono mmoja kifuani na mwingine akautanguliza kutafuta ukingo wa meza. Juu ya meza kulikuwa na kopo nililochanganyia, lenye rezini iliyobaki. Mimi nilinyoosha mkono haraka, nikaliwahi kopo.

Nililiwahi kopo, lisimwagike. Tone moja likadondoka mezani. Nilipokuwa nimelishika vizuri ndipo nikamgeukia yeye, akiwa tayari amepiga magoti, mdomo wazi, hakuna sauti inayotoka. Tone ndilo hilo nililolitaja. Lilikuwa jembamba mno kupata moto, ndiyo maana likaganda vizuri.

Nilivuta khanga chini ya mlango, nikambeba nje. Jirani aliita bajaji. Njiani nilimpepea kwa kofia yangu, na upepo wa mchana ulikuwa unavuma kwa nguvu kiasi kwamba kupepea kwangu kulikuwa upuuzi.

Hospitali walimwekea oksijeni wakamlaza. Daktari, mwanamama mwenye umri wa binti yetu, aliniamkia shikamoo, kisha akaniuliza amevuta nini. Nilimweleza yote. Hakunigombeza. Aliandika, halafu akasema kifua chake sasa kimekuwa na hasira. Harufu yoyote kali inaweza kukifunga, rangi, vanishi, hata marashi. Pengine kitapoa na miaka, pengine hakitapoa. Nikauliza habari ya kuimba.

"Mzee, kwanza apumue."

Binti yetu alipiga simu kutoka kwake Singida. "Shikamoo baba. Mama amepatwa na nini?" Nikasema, "Marahaba. Ni mimi." Akasema atakuja. Alikuja, akamuuguza mama yake, na mimi akanihudumia chakula kwa adabu zote, bila kuniangalia.

Ilikuwa wakati huo, mgonjwa akiwa bado wodini, ndipo wanakwaya walipoleta makongoro nyumbani. Yalibaki kwenye kontena la plastiki, asubuhi yakawa yameganda. Nilikuwa peke yangu jikoni. Nilikata kipande chembamba kwa kisu, nikakiweka kati ya zile tando mbili, nikainua kuelekea dirishani, nikakibonyeza kwa kidole.

Kilikuwa na ukungu wa mafuta, lakini rangi zilikuwepo. Nilibonyeza kidogo tu, kama unavyombonyeza mtoto shavuni, ikaja mikanda ya njano na buluu ikikimbia kutoka chini ya kidole changu. Rezini, hata vile vibamba vibovu nilivyovijaribu, nilihitaji kuibana kwa jiliwa la chuma. Hii iliitika kwa kidole, kama alivyosema mke wangu.

Nilikaa kwenye kigoda chake. Sikulia, ingawa ingekuwa heri ningelia.

Nilichofanya baadaye ni rahisi mpaka kinaaibisha. Duka la vifaa vya keki linauza unga wa jelatini, ambao asili yake ni hiyo hiyo ngozi na mifupa, ila umesafishwa. Nilichemsha maji, nikakoroga unga mwingi kuliko wa keki ili ugande kwa ugumu, nikaumimina kwenye sinia lililopakwa mafuta kidogo, nikafunika kwa sufuria iliyopinduliwa. Hauna harufu. Vumbi likiingia unamwaga na kurudia, gharama yake ni ya kitafunwa. Asubuhi nilikata kuta mbili ndogo, moja yenye uwazi wa kona kali, nyingine kona zake nikaziviringisha kwa ukingo wa glasi ya chai.

Kamati ilikutana baada ya mavuno, sikukuu ikiwa imepita bila mwanzishaji wake wa nyimbo. Nilisimamisha tando mbele ya dirisha, nikaweka ukuta wa kwanza, nikaukandamiza kwa kibao juu. Konani rangi zikasongamana kama watu mlangoni. Nikaweka wa pili, mzigo ule ule. Rangi zikatawanyika, zikazunguka kona bila kugombana.

Kijana injinia aliinama akatazama. Akaomba akandamize mwenyewe. Alirudia mara kadhaa.

"Nimeona," akasema. "Tutaviringisha. Mzee, hii umeitengeneza kwa nini?"

"Jelatini. Makongoro, kwa jina lingine."

Wakacheka wote, kicheko kizuri, cha kunikubali. Mchungaji akasema mzee huyu angefaa kufundisha chuo. Nilikuwa nimekisubiri kicheko hicho tangu sekondari. Nilikusanya vitu vyangu nikaondoka kabla ya chai.

Mke wangu alikuwa ameruhusiwa, amekaa barazani anapembua mtama. Alikuwa amekonda. Cherehani tulikuwa tumeshaihamishia hapo nje, alipo.

"Wamekubali?" akauliza.

"Wamekubali."

"Uliwaonyesha na nini?"

"Jelatini."

"Ile ya keki?"

"Ile ya keki."

Akapepeta ungo, pumba zikaruka. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayehakikisha tu, "Kumbe ilitosha."

Angenitukana ningejua pa kujishika. Aliendelea kupembua.

Uwazi ule umejengwa, ni mzuri, kona zake ni za mviringo na hakuna ufa hata wa unywele. Wageni huusifu, huoneshwa mimi niliyekaa benchi la nyuma. Walimu wa sekondari huniita niwaoneshe wanafunzi wao. Nawaambia: jelatini, sinia, tando za TV mbovu, glavu za kushikia kioo chake, na madirisha wazi hata kama mnachochemsha hakina harufu. Wananiuliza kwa nini madirisha. Nawaambia ni mazoea mazuri.

Ukumbi ulipofunguliwa upya, mabenchi yalikuwa yamepakwa vanishi. Mke wangu alivaa gauni la buluu alilolishona mwenyewe, kola nyeupe, akaingia. Hakufika katikati. Nilimwona akisimama, akageuka, akatoka mwenyewe akiwa ameshika ukuta, wala hakutaka nimshike. Vanishi ilikauka baadaye, lakini kuna dawa ya sakafu, na kuna marashi, maana kila mtu Jumapili hujipulizia. Na hata bila hayo, pumzi ya kupanda juu peke yake haipo tena. Anazungumza, anacheka, anagombana na wauza mchicha. Kuanzisha wimbo hawezi.

Kwa hiyo Jumapili mimi humbebea kiti cha plastiki, namwekea nje, upande wa kile kilichokuwa kachumba cha ngoma. Siku hizi msimu wa upepo umerudi. Jumapili iliyopita nilimweka mahali nilipoona pamejikinga, nyuma ya ukuta, vumbi lisimfikie.

"Sogeza," akasema. "Upepo unapita kule."

"Kule kuna vumbi, mama. Kola yako."

"Sogeza."

Nikakisogeza kiti mpaka penye upepo kabisa. Akakaa akiuelekea, macho ameyafumba nusu, na mchanga mwekundu ukaanza kushika kwenye ile kola. Ndani wakaanza wimbo. Siku hizi anauanzisha mama mwingine, mwenye sauti nzuri tu.

Mke wangu alisikiliza mpaka ngoma ikaingia.

"Ameanza chini mno," akasema. "Wakifika ubeti wa mwisho sauti zitazama."

Nikamuuliza kama niingie nimwambie kiongozi wao, waanze juu zaidi wimbo unaofuata.

"Niache nisikilize," akasema, "na usinizibe upepo."

Nilikuwa nimesimama mbele yake. Nikahama.